Panadol ya saa kumi na mbili asubuhi

Swali

Daktari, salaam. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka sita, yuko gredi ya kwanza, na mdogo ana miezi tisa. Twakaa Kisauni, nyumba moja na mavyaa wangu, ambaye ana sukari. Tangu muhula uanze huyu mkubwa ameshapata mafua mara tatu. Mimi ni kibarua wa kufua na kupiga pasi hotelini, na siku nisiyokwenda silipwi. Kwa hiyo akiamka na homa humpa panadol ya maji saa kumi na mbili, ikishuka namvalisha sare, na chupa namtilia kwenye begi ili mwalimu ampe tena saa nne. Juzi mwalimu alinipigia simu kwa hasira. Mavyaa naye asema yote haya yaletwa na feni na maji ya friji. Naomba nijue: siku gani nimweke nyumbani, na siku gani aende? Mdogo na bibi yao nitawakinga vipi? Na hiyo sindano ya mafua inayosemwa, yapatikana kwetu, na ina faida?

Mama wa wawili, Kisauni

Jibu

Salaam nyingi, dada yangu. Nianze na hiyo chupa ya kwenye begi, kwa sababu karibu swali lako lote limo ndani yake.

Panadol haiui kirusi cha mafua. Kazi yake ni kushusha joto na kutuliza maumivu, na kazi hiyo hudumu saa nne hadi sita. Ukimpa saa kumi na mbili, ikifika saa moja mtoto anacheka, anatafuna hamri lake, nawe unaona kheri imerudi. Saa nne au saa tano dawa inakwisha mwilini, homa inapanda tena, naye yuko kwenye dawati amelaza kichwa juu ya mikono. Hapo ndipo simu yako inapolia. Lakini zile saa nne alizoonekana mzima alikuwa akikohoa, akiazima penseli, akinywa maji kwa kikombe cha mwenzake. Kirusi kilikuwa kikimtoka vile vile kama mtoto ambaye hakupewa dawa yoyote. Mwalimu mwenye darasa lililojaa watoto, huenda naye ana kichanga nyumbani, ana haki ya kukasirika kidogo.

Usidhani nakuhukumu. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza, siku niliyokuwa na zamu na hakuna wa kunishikia. Nilimpa dawa, nikampeleka, nikajiambia ni uchovu tu. Simu ilinikuta wodini saa tano kasorobo, na nilijua ni nini kabla sijaipokea.

Kipimo ninachowapa wazazi ni hiki: mtoto arudi shule zikishapita saa 24 kamili bila homa na bila dawa ya homa. Yote mawili kwa pamoja. Asiye na homa kwa sababu amepewa dawa bado hajaanza kuhesabiwa. Ukimpa panadol ya mwisho Jumapili saa mbili usiku, Jumatatu asubuhi haijatimia hata nusu ya muda huo, awe mchangamfu namna gani.

Tena uamuzi huo usiufanye asubuhi. Alfajiri uji unafurika jikoni, tuktuk ya shule inapiga honi nje, na wewe unawaza matatu ya kukufikisha kazini. Hakuna anayepima vizuri katika hali hiyo. Kila mzazi huona anachotaka kukiona. Fanya jana yake baada ya magharibi, nyumba ikitulia. Mpime, tazama alikula nini, kumbuka dawa ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Akiwa hajafika, lala ukijua kesho haendi, nawe una usiku mzima wa kutafuta wa kukaa naye.

Kupima kwenyewe si kwa kiganja. Kiganja cha mama ni hodari wa kumshtua, ila hakiwezi kumhakikishia, na katika miezi ya kaskazi ambapo kila mtu mwilini ni moto, humpotosha kabisa. Nunua kipimajoto cha dijiti, maduka mengi ya dawa wanacho, nawe utakitumia miaka. Kiweke kwapani, mkono ubane vizuri, mpaka kilie. Kwa kipimo cha kwapani, 37.5 na kuendelea twahesabu ni homa. Pengine umesikia watu wakitaja 38; hao mara nyingi wanazungumzia kipimo cha sikioni au cha ndani ya mwili, kwa kuwa kwapa husoma chini kidogo.

Sasa, yapo mambo mengine ya kumzuia nyumbani hata kama hana homa. Akitapika au akiharisha, angoje siku nzima, na mimi hupendelea mbili, tangu mara ya mwisho. Akiwa na kikohozi kinachomkata maneno au kinachomwamsha usiku kucha, abaki. Akiwa na vipele vilivyokuja pamoja na homa, asitoke kabisa mpaka aonwe, kwa sababu surua ingali hai na huambukiza kupita mafua. Na yuko yule mtoto ambaye huwezi kutaja ugonjwa wake, lakini hataki kucheza, hataki katuni, amejikunja kwenye mkeka. Huyo abaki. Mwili wake umeshasema.

Ila kamasi peke yake, mtoto akiwa anakula, anakimbia na hana homa, apelekwe shule. Hapa natofautiana na baadhi ya walimu. Mafua ya kawaida huletwa na aina zaidi ya 200 za virusi, na mtoto mdogo aweza kuyapata mara sita hadi nane kwa mwaka bila kuwa na kasoro yoyote. Anayeanza shule hupata zaidi, maana anakutana kwa mara ya kwanza na virusi vya nyumba zote za mtaa. Mara tatu tangu muhula uanze si ajabu hata kidogo. Ukimzuia kwa kila tone la kamasi hatasoma. Kamasi ikigeuka rangi kuwa njano au kijani nayo isikutishe. Ni hatua ya kawaida ya mafua, wala si dalili kwamba sasa anahitaji antibiotiki. Na kikohozi chepesi kinachobaki wiki mbili baada ya homa kwisha si sababu ya kukosa masomo.

Flu yenyewe, ile inayoletwa na virusi vya influenza, huja kwa namna nyingine. Mafua ya kawaida hupiga hodi: leo chafya, kesho kamasi, keshokutwa kikohozi. Flu huingia kwa kishindo. Mtoto alikuwa akicheza mpira saa kumi, ikifika isha ana homa kali, anatetemeka, kichwa kinamuuma, miguu inamuuma mpaka hataki kutembea. Kirusi kikimwingia, dalili hutokea baada ya siku moja hadi nne, mara nyingi ya pili. Naye huanza kuambukiza wengine siku moja kabla hajaonekana mgonjwa, kisha huendelea siku tano hadi saba, na watoto wadogo hata siku kumi. Ndiyo maana hata mzazi mwangalifu kabisa hawezi kuizuia yote. Lakini siku za kwanza mbili tatu za homa ndizo ambazo kirusi humtoka kwa wingi zaidi, na ndizo siku hizo unazompeleka kwa msaada wa panadol.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu tuko Mombasa. Homa ya mtoto wa pwani si lazima iwe mafua. Malaria ipo. Dengue imewahi kutuzukia hapa, na chikungunya pia, nazo zote mbili huanza kwa homa ya ghafla na maumivu ya mwili yanayofanana sana na flu. Kinachonisaidia kutofautisha ni pua: homa kali isiyo na kamasi wala kikohozi hunitia shaka ya mbu. Hata hivyo pua nayo hudanganya, na mtoto aweza kuwa na mafua na malaria kwa pamoja. Kwa hiyo homa ikifika siku ya pili bila sababu iliyo wazi, mpeleke zahanati apimwe malaria kwa tone la damu. Usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Na maadamu hamjajua ni nini, usimpe brufen wala aspirini. Katika dengue dawa hizo zaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Aspirini mtoto asipewe hata kama ni flu tupu, kwa sababu ya ugonjwa wa nadra uitwao Reye, unaodhuru ini na ubongo.

Sasa feni na maji ya friji. Mwambie mavyaa, kwa adabu zote, kwamba feni haina kirusi, wala barafu haina. Asiyekutana na kirusi aweza kulala chini ya feni mwaka mzima asipate flu. Lakini usimkatalie yote, kwa sababu wazee wameona jambo la kweli: watoto huugua zaidi masika na kusi zikiingia. Mvua ikinyesha madirisha hufungwa, watoto hurundikana ndani, matatu hupandisha vioo, na hewa aliyoitoa mmoja huvutwa na kumi. Dirisha lililofungwa ndilo la kulaumiwa. Hata darasani, mwalimu akifungua madirisha ya pande zote mbili upepo wa bahari ukapita, amefanya kazi kubwa kuliko chupa ya dawa ya kupaka mikono. Mji huu umewahi kufunzwa somo hilo kwa uchungu: ile homa kuu ya mwaka 1918 iliingia Kenya kupitia bandari yetu hii hii.

Nikuulize jambo ambalo hukulitaja: madrasa. Wazazi wengi humzuia mtoto shule asubuhi, kisha saa nane au saa tisa akichangamka wanamvisha kanzu na kumpeleka chuoni, kwa kuwa "ni hapo karibu tu". Mara nyingi chuo kina chumba kidogo kuliko darasa, watoto wamekaa bega kwa bega kwenye jamvi, kila mmoja anasoma kwa sauti. Kwa kirusi hiyo ni karamu. Mtoto asiyefaa kwenda shule hafai kwenda chuoni, wala arusini Jumamosi, wala kwa shangazi kulala. Ustadh ataelewa. Agizo la kutoingia mji wenye maradhi na kutoutoka ukiwamo ndani analijua kabla ya madaktari.

Kuhusu kazi yako sina dawa nyepesi, na sitajifanya ninayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku za kuugua yeye mwenyewe. Za kuuguza mtoto hazimo, na kibarua wa siku hata hizo hazipati kwa urahisi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mpango wa siku ya ugonjwa hutengenezwa mtoto akiwa mzima. Tafuta mama mmoja au wawili wa mtaani wenye shida kama yako mshikane zamu: wake akiugua unamshikia siku yako ya mapumziko, wako akiugua anakushikia. Zungumza na msimamizi wako mapema, si alfajiri ya tukio, kama mwaweza kubadilishana siku. Baba yao hukumtaja kwenye barua. Kama yupo, naye ana siku zake za kuhesabiwa. Na fanya hesabu ya upande wa pili: mtoto aliyepumzika siku tatu za mwanzo nyumbani, na asiwaambukize wengine, hukugharimu siku tatu. Anayepelekwa shule kwa dawa huzunguka, mdogo akashika, wewe ukashika, bibi akalazwa. Hiyo si wiki moja tena.

Jambo la kulikwepa kama uwezavyo ni kumwachia mavyaa mgonjwa huyo. Najua ndilo jepesi, yuko nyumbani kutwa na anampenda mjukuu wake. Lakini mtu wa sukari flu humpiga vibaya: sukari hupanda, na nimonia humpata upesi kuliko mwingine. Ikiwa hakuna njia nyingine siku hiyo, basi wakae barazani kwenye upepo, wasilale kitanda kimoja, mavyaa avae barakoa anapomhudumia kwa karibu na anawe mikono kila mara. Yeye mwenyewe akianza homa na kikohozi asingoje siku ya nne. Iko dawa ya kupambana na kirusi chenyewe cha influenza, oseltamivir, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, kwa hiyo daktari amwone mapema na aambiwe kwamba ni mgonjwa wa sukari.

Huyo wa miezi tisa huwezi kumtenga na kaka yake kwa ukuta. Punguza tu njia za kirusi. Kubwa kuliko zote, na nasema hivi nikicheka kidogo maana mama yangu alikuwa hodari wake, ni pembe ya leso. Mama anampenga mkubwa kamasi kwa pembe ya leso, dakika mbili baadaye anamfuta mdogo mate kwa pembe ile ile. Tumia karatasi laini itupwe, au vitambaa vya zamani vilivyokatwa vidogo, kila kimoja kitumike mara moja kisha kifuliwe kwa sabuni. Ya pili ni sinia. Kula pamoja ni baraka, lakini mgonjwa atiliwe sahani yake na kikombe chake kwa siku hizo. Ya tatu ni busu. Kila anayeingia nyumbani humbeba mtoto mchanga na kumbusu mashavu na mikono, na mikono ya mtoto huishia kinywani mwake. Mwambie kaka yake ambusu miguuni. Watoto hulipenda sharti hilo kuliko katazo.

Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, usimwachie kuichovya kwenye beseni ambalo watu watano wameshachovya. Nalijua tatizo la maji Kisauni. Wiki nyingine mfereji haulii na dumu ni la kununua. Toboa tundu dogo chini ya dumu la lita tano, lizibe kwa kijiti, lining'inize karibu na choo na sabuni pembeni. Nusu lita inatosha watu kadhaa. Dawa ya kupaka yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 yafaa ukiwa njiani, ila mikono iliyojaa mchuzi au mchanga haiisafishi. Kitasa cha mlango, rimoti na simu futa kwa kitambaa chenye sabuni kila jioni, kwa sababu kirusi cha influenza hukaa kwenye vitu vigumu siku moja hadi mbili. Mfunze mkubwa kukoholea kwenye kiwiko. Asipoweza leo, ataweza kesho. Wa miaka sita hujifunza kwa kuiga, kwa hiyo nawe kohoa hivyo hivyo.

Na unyonyeshe. Hata wewe ukipata flu, endelea kumnyonyesha mdogo. Maziwa hayampelekei kirusi, yanampelekea kinga uliyoitengeneza. Vaa barakoa, nawa mikono, mpe ziwa.

Matunzo ya mgonjwa mwenyewe ni machache kuliko maduka ya dawa yanavyotaka uamini. Apumzike, anywe mara kwa mara: maji, uji mwepesi, madafu, supu. Asipotaka kula siku mbili si msiba, asipotaka kunywa ni jambo kubwa. Panadol apewe akiwa nyumbani, kwa sababu inampunguzia mateso, na kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Nyingi ya hizi za maji zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini soma chupa yako, kwa sababu ziko zenye nguvu zaidi. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja nayo, kwani vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Na jihadhari na zile dawa za mafua za kuchanganya, kwa sababu nyingi zina panadol hiyo hiyo ndani. Mtoto anapewa hii na ile, kumbe amepewa mara mbili, na panadol ikizidi huharibu ini. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kuichukia ile chupa ya kwenye begi: wewe umempa saa kumi na mbili, mwalimu anampa saa nne, mavyaa anampa akirudi, na hakuna aliyeandika popote.

Asali na limau katika maji ya uvuguvugu hutuliza kikohozi vizuri kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Huyo wa miezi tisa asilambishwe asali hata kidogo, yaweza kuwa na vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mchanga. Kumfukiza mtoto kwa shuka na sufuria ya maji ya moto siafiki. Watoto waliobabuliwa mapaja na kifua kwa kujifukizia ni wengi mno, na faida yenyewe haionekani. Kwa pua iliyoziba matone ya maji ya chumvi yanatosha. Antibiotiki iliyobaki kabatini tangu mwaka jana haifanyi lolote kwa kirusi. Na akitokea mtu kukuambia kikohozi hiki hakiponi mpaka mtoto akatwe kimio, mkimbie. Nimeona wanaotoka damu na wanaopata usaha kooni kwa kisu hicho, na kikohozi kipo pale pale.

Ziko dalili ambazo ukiziona hungoji asubuhi wala hungoji mshahara. Mtoto hawezi kunywa au kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea, huwezi kumwamsha vizuri. Anapumua mbio, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila akivuta pumzi. Kwa huyo mdogo hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 na zaidi ni nyingi mno kwa aliye na miezi miwili hadi kumi na mmoja, akishafika mwaka mpaka miaka mitano, 40 na zaidi ni nyingi mno. Midomo kuwa ya buluu, au kukaa saa sita hadi nane bila mkojo, vilevile. Na iko dalili moja ambayo wazazi huichukulia kama nafuu iliyokatika tu: mtoto alipoa, akacheza siku moja, kisha homa ikarudi kali zaidi na kikohozi. Hiyo mara nyingi ni nimonia iliyoingia mlango uliofunguliwa na flu. Hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, au Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, nenda. Kama mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao pwani yetu inaujua sana, homa yoyote ni ya kwenda siku hiyo hiyo.

Tumalizie na sindano. Ndiyo, chanjo ya influenza ipo Mombasa, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za bure za watoto. Huipata zaidi hospitali za binafsi na baadhi ya vituo vya chanjo, kwa kulipia, kwa hiyo piga simu uulize bei na kama wanayo kabla ya kupanda gari. Hutolewa kuanzia miezi sita. Mtoto aliye chini ya miaka tisa anayechanjwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili zinazopishana wiki nne, kisha moja kila mwaka, kwa sababu virusi hivi hubadilika na Shirika la Afya Duniani hupendekeza mchanganyiko mpya mara mbili kwa mwaka, mmoja wa kaskazini ya dunia na mmoja wa kusini. Kinga hukamilika kama wiki mbili baada ya sindano. Haileti flu, maana iliyomo ndani imeuawa. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja ni mwili kujifunza. Mwaka ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua flu kiasi cha kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60, na wanaougua licha ya kuchanjwa kwa kawaida huugua kwa wepesi. Mafua yale mengine ya kamasi haiyazuii, kwa hiyo usije ukasema ulidanganywa.

Fedha zikiwa za mtu mmoja, mimi ningemchanja mavyaa kwanza, halafu huyo mdogo, wa shule awe wa tatu. Wengine wangeanza na mtoto wa shule kwa kuwa ndiye mletaji, na hoja yao si mbovu. Lakini kwa nyumba yako naogopa zaidi atakayelazwa kuliko atakayeleta. Ikiwa hazipo kabisa, usikeshe kwa majuto. Chukua kile kitabu cha kliniki cha mdogo ukitazame leo. Ana miezi tisa: surua na rubella ya kwanza ni sasa, na ya pili itakuwa miezi 18. Hakikisha zile za wiki ya 6, 10 na 14 zote zimetiwa alama, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya nimokokasi na ya Hib, vijidudu viwili vinavyoongoza kwa nimonia mbaya. Zote ni bure katika vituo vya serikali. Mtoto aliyekamilisha hizo, flu ikimfikia, inamkuta na silaha nyingi kuliko unavyodhani.

Kwa mwalimu, nenda mwenyewe, si kwa simu. Mwambie kwamba toka sasa mtoto akiwa na homa hutamleta, umwombe akutumie kazi za siku hizo kwa mzazi wa jirani, na kwamba homa ikimkamata darasani akupigie wewe au huyo mama mliyeshikana zamu, umwandikie namba zote mbili. Kisha mbele yake fungua begi uitoe ile chupa.